Safari, Kazi na Nyumba: Matakwa ya Vijana wa Dunda kama Yaonekanavyo katika Maneno Yao

Mtu atakaye kuyajua matakwa ya watu wa mahali fulani aghalabu huwaendea akawauliza. Njia hiyo ni njema, walakini iko na nyingine isiyokuwa na hila, nayo ni kuyasikiliza maneno wayatumiayo wasipoulizwa: neno alisemalo mtu anapotafuta chumba, jina alipalo gari limpelekalo kazini, na sifa aitiayo mshahara wake anapozungumza na mwenziwe barazani. Maneno hayo hayakubuniwa kwa ajili ya mtafiti. Yamezaliwa na haja, na kila moja limebeba alama ya haja iliyolizaa.

Makala haya yaeleza baadhi ya maneno ya usafiri, ya kazi na ya nyumba yatumikayo leo na vijana wenye elimu na kazi za ofisini, mahospitalini, mashuleni na vyuoni, katika kata ya Dunda mjini Bagamoyo na katika pwani iliyoko kati ya mji huo na Dar es Salaam. Kwa mujibu wa Sera ya Taifa ya Maendeleo ya Vijana ya mwaka 2007, kijana ni mtu mwenye umri wa miaka 15 hata 35. Wanaozungumzwa hapa ni wale wa nusu ya pili ya umri huo, yaani waliokwisha kusoma, wakapata ajira, na sasa watafuta mahali pa kukaa.

Mji na njia yake

Yafaa ikumbukwe kwanza kuwa Bagamoyo ni mji uliozaliwa na safari. Katika karne ya 19 palikuwa ndipo mwisho wa njia kuu ya misafara itokayo Unyamwezi na Ujiji, na ndipo mizigo ilipotuliwa ili ivushwe kwenda Unguja. Jina la mji wenyewe hufasiriwa kwa habari ya safari. Wengi wasema kuwa latokana na kubwaga moyo. Wako waelezao kuwa mpagazi alipofika pwani aliutua mzigo wake na moyo wake ukapumzika. Wako na wasemao kuwa mtumwa alipoiona bahari alikata tamaa, akauacha moyo wake bara. Fasiri hizi mbili zapingana kwa maana, lakini zote mbili zakubaliana katika jambo moja: mahali pale palijulikana kwa hali ya mtu amalizapo mwendo mrefu.

Mji uliozaliwa na safari ulipunguzwa na safari pia. Wajerumani walipafanya Bagamoyo makao makuu yao, kisha mwaka 1891 wakayahamishia Dar es Salaam, ambako bandari ilikuwa na kina cha kutosha meli kubwa. Mwaka 1905 reli ya kati ikaanza kujengwa kutoka Dar es Salaam, na mwaka 1914 ikafika Kigoma. Tangu hapo biashara ya bara haikuwa na haja tena ya kushukia Bagamoyo. Mji ukabaki na nyumba zake za mawe, minazi yake, uvuvi wake na chumvi yake, na jirani yake akakua. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 4,364,541 katika mkoa wa Dar es Salaam, na ile ya mwaka 2022 ikahesabu watu 5,383,728. Jirani mkubwa hivyo hawezi kukaa mbali hata kama masafa hayakupungua. Leo mji wa Dar es Salaam umepanda kaskazini kwa Mwenge, Tegeta na Bunju, na baada ya Bunju vijiji vya Mapinga, Kerege, Zinga na Kiromo vimejaa viwanja vya watu wafanyao kazi mjini. Bagamoyo ambayo zamani ilikuwa mwendo mrefu kwa miguu sasa iko mwisho wa njia ya daladala.

Majina ya magari

Katika Dar es Salaam magari ya abiria yamepata kuitwa majina mengi. Matatu kati ya hayo yafaa yatazamwe pamoja, kwa kuwa yaonyesha jinsi haja ya msafiri ilivyobadilika.

La kwanza ni chai maharage. Hivyo ndivyo yalivyoitwa magari madogo ya watu binafsi yaliyochukua abiria wakati usafiri wa mji ulipokuwa mikononi mwa shirika la umma. Yasemekana yaliitwa hivyo kwa sababu abiria walikaa wakitazamana, mfano wa watu walioketi mkahawani wakinywa chai na maharage. Jina hilo lataja namna ya kukaa.

La pili ni daladala. Dala lilikuwa jina la watu kwa sarafu ya shilingi 5, na magari ya binafsi yaliporuhusiwa mwaka 1983, nauli ilikuwa dala. Jina hili lataja bei. Wala si la pekee katika Afrika ya Mashariki. Matatu ya Nairobi pia huelezwa kuwa yaliitwa hivyo kwa sababu ya nauli ya senti 30, yaani sarafu tatu za senti kumi kumi.

La tatu ni mwendokasi. Magari haya yalianza kazi mwaka 2016 kati ya Kimara na katikati ya mji, katika njia yake maalumu ya kilomita zipatazo 21. Serikali iliyaita Mabasi Yaendayo Haraka, jina lililo sahihi lakini refu. Watu wakaunganisha mwendo na kasi, wakapata neno moja, na sasa hata magazeti hulitumia. Jina hili lataja wakati.

Basi, kukaa, bei, na wakati: ndiyo historia fupi ya matakwa ya msafiri wa Dar es Salaam. Wazazi walitaka gari lipatikane, wakashukuru wakipata pa kukaa. Baadaye watu wakapima nauli. Vijana wa leo, ijapokuwa nauli ingali ikiwauma, hulipima gari kwa saa. Ukimwuliza mfanyakazi wa leo akaa wapi mbali kiasi gani, hajibu kwa kilomita. Atasema, "Ni saa mbili, foleni isiponikamata." Neno foleni lenyewe, ambalo hudhaniwa kuwa latokana na amri ya kiaskari ya Kiingereza ya kuwapanga watu mstari, limekuwa kama jina la mtu: foleni hukamata, foleni humwachia mtu, foleni hulala.

Yako pia maneno ya hila za msafiri. Mtu akitoka kazini jioni na kituo kimejaa, hupanda gari liendalo kinyume cha njia yake, akalipa nauli, akakaa kitini hata mwisho wa safari, kisha akarudi nalo akilipa tena. Hilo huitwa kugeuza na gari. Alipaye nauli mara mbili ili apate kiti amekwisha kulijibu swali la anachokitaka, wala hahitaji kuulizwa. Kwa mwanamke kijana sababu huwa zaidi ya kiti, kwa kuwa kusukumana mlangoni kuna aibu na hatari zake, na kushuka usiku mahali pasipo taa ni jambo alifikirialo tangu asubuhi.

Maneno ya kazi

Bagamoyo imeachia lugha ya kazi maneno yenye umri mkubwa. Posho ilikuwa chakula cha kila siku apewacho mpagazi njiani, au nguo na shanga za kununulia chakula hicho. Leo neno hilo limehamia ofisini, na posho ni fedha apewayo mtu juu ya mshahara kwa safari au kwa mkutano. Mzigo umeondoka begani, posho imebaki. Kibarua nacho ni barua ndogo, yaani cheti apewacho mtu wa kazi ya kutwa ili apate ujira wake. Baadaye jina la cheti likawa jina la mwenye cheti, na kazi ya muda ikaitwa kibarua. Vijana wengi waliosoma huyatumia maneno hayo mawili kwa mzaha: aliye na mkataba wa miezi mitatu husema, "Bado niko kibaruani," ingawa anavaa tai na kukaa mbele ya kompyuta.

Mshahara ni neno la Kiarabu lenye asili ya shahr, yaani mwezi. Maana yake hasa ni malipo ya mwezi kwa mwezi. Nauli nayo imetoka baharini. Ilikuwa kodi ya chombo kwa kuchukua mtu au mzigo, na hulipwa kila safari. Asili za maneno haya zina faida ya kukumbukwa, kwa sababu zitarudi hapo chini katika hesabu ya nyumba.

Kazi za kisomi hazikosekani Bagamoyo. Ziko ofisi za wilaya na hospitali yake. Uko Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, iliyoanzishwa kama Chuo cha Sanaa mwaka 1981. Kiko chuo cha uvuvi huko Mbegani, na kituo cha utafiti wa afya ambamo chanjo za malaria zimejaribiwa. Pia iko mikahawa na mahoteli ya wageni. Mwaka 2013 yalifanywa makubaliano na Wachina ya kujenga bandari kubwa huko Mbegani, na vijana wengi walitarajia kazi, lakini mwaka 2019 shughuli hiyo ikasimamishwa. Kwa hiyo asubuhi moja barabara ya Bagamoyo huchukua watu pande zote mbili: kijana wa Dunda aendaye kwenye benki mjini, na mtafiti akaaye Tegeta aendaye kazini Bagamoyo. Kila mmoja ana kazi mahali ambapo mwenziwe ana nyumba.

Maneno ya nyumba

Nyumba ambayo wengi wa watu wa pwani wameijua ni ile iitwayo nyumba ya Kiswahili. Ina baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, na nyuma yake uani penye jiko, kisima au bomba, bafu na choo. Ilifaa ukoo, kisha ikafaa upangaji, maana kila chumba chaweza kukodishwa peke yake, na wapangaji wote wakashirikiana ua. Ndani ya nyumba hiyo mgeni mjini alipata majirani wa kumpikia akiugua na wa kumlindia mlango akisafiri.

Kijana wa leo hamkatai jirani. Lakini sikiliza maneno anenayo kwa dalali: chumba masta, choo ndani, maji hayakatiki, luku yako mwenyewe, usafiri mlangoni. Masta ni chumba kilicho na choo na bafu vyake. Luku ni mita ya umeme ulipiwao kabla ya kutumiwa, na jina lake limefupishwa kutoka Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo. Mita moja ikiwa ya vyumba sita, mwenye taa moja huchanga sawa na mwenye jokofu na pasi, na ugomvi hauishi. Muuguzi arudiye zamu alfajiri hataki kungoja zamu nyingine mlangoni pa choo. Mwalimu asahihishaye madaftari usiku hataki taa izimike kwa kuwa jirani hakuchanga. Katika haja hizi anasa ni kidogo, na kilicho kingi ni haki ya mtu kuimiliki saa yake na kulipa kile alichokitumia.

Nyumba yenye vitu hivyo vyote huitwa nyumba inayojitegemea. Neno hili limesafiri safari kubwa kuliko yote. Mwezi wa Februari 1967 Azimio la Arusha lilitangaza siasa ya Ujamaa na Kujitegemea, na kujitegemea kulikuwa wajibu wa taifa zima: kutokuomba fedha za wageni, kutegemea ardhi na jasho la wananchi. Baadaye neno likashuka kwa mtu mmoja, na kijana aliyetoka nyumbani kwao akasemwa kuwa anajitegemea. Sasa limefika kwenye choo na mita ya umeme. Mtu mzima aweza kucheka au kusikitika kwa habari hiyo, lakini maana ya asili haijapotea. Ajitegemeaye, awe nchi au chumba, ni yule asiyelazimika kumngoja mwingine ili aishi.

Liko na neno boma. Zamani lilikuwa ngome, kisha likawa ofisi ya mtawala wa wilaya, kama lile Boma la Wajerumani mjini Bagamoyo. Leo, katika barabara ya Zinga na Kerege, boma ni nyumba ya kijana iliyosimama kuta bila ya paa. Kwa kuwa mkopo wa nyumba wa benki ni mgumu kwa wengi, ijapokuwa sheria za mwaka 2008 zilikusudia kuurahisisha, mwenye mshahara hujenga kwa kudunduliza: mwaka huu kiwanja, mwaka ujao msingi, kisha matofali, na boma likasimama mvua ngapi likingoja bati. Aonaye maboma hayo njiani asidhani kuwa yametupwa. Ni akiba ya watu iliyowekwa katika matofali badala ya benki.

Kalenda tatu

Hapo ndipo asili za maneno zinaporudi. Mshahara ni wa mwezi. Nauli ni ya siku. Kodi ya nyumba, kwa desturi iliyoenea katika Dar es Salaam na kandokando yake, hutakiwa ya miezi sita au ya mwaka mzima kabla ya mpangaji kuingia. Juu yake dalali hutaka ujira wake, nao kwa desturi ni kodi ya mwezi mmoja. Tuseme chumba kina kodi ya shilingi 150,000. Aanzaye kazi atatakiwa shilingi 900,000 kwa miezi sita, na shilingi 150,000 za dalali, jumla shilingi 1,050,000, na huenda hajapokea mshahara hata mmoja. Mtu huyo anaishi katika kalenda tatu zisizokutana. Akishindwa na kalenda ya kodi, hukimbilia kalenda ya nauli: hubaki kwa wazazi au kwa shangazi yake Dunda, asikolipa kodi, akalipa siku kwa siku barabarani.

Naye hulipa kwa jambo lingine pia. Kutoka Bagamoyo hata kituo cha Makumbusho ni kilomita zipatazo 60, kisha labda gari la pili. Ofisi za Serikali hufunguliwa saa moja na nusu asubuhi, basi yampasa aondoke yapata saa kumi na moja alfajiri, nyota zikiwa bado ziko. Akihesabiwa saa mbili za kwenda na saa mbili za kurudi, ni saa 4 kwa siku na saa 20 kwa juma. Katika majuma 48 ya kazi ni saa 960, nazo ni siku 40 kamili, mchana na usiku. Watu wa pwani wanaijua arobaini: ni muda wa mzazi kutulia na mtoto, na ni muda wa wafiwa kumaliza matanga. Kijana huyu hutoa arobaini moja kila mwaka akiwa amesimama ndani ya gari.

Akihamia mjini, saa hizo humrudia, lakini hupoteza mengine. Hukosa uani pa mama yake, chakula kisichonunuliwa, na mtu wa kumlelea mtoto. Aidha nyumba ya Dunda hukosa mtu. Nyumba nyingi za zamani za Bagamoyo ni za urithi, zenye warithi wengi waliotawanyika. Na nyumba isiyokaliwa na kijana wa kupanda paani kabla ya masika haichelewi kuanguka. Hasara ya safari ndefu, basi, haimwangukii msafiri peke yake. Humwangukia mzazi aliyebaki, na mji unaokusudiwa kuhifadhiwa.

Wanachokitaka

Ukiyakusanya maneno hayo yote, matakwa yaonekana kuwa machache na yenye kiasi. Kwanza, gari la saa ijulikanayo. Wengi wangevumilia saa moja na nusu iliyo hakika kuliko saa moja ambayo siku nyingine huwa tatu. Barabara ya Mwenge hata Tegeta ilipanuliwa na kukamilika mwaka 2014, na njia ya mwendokasi imekusudiwa kufika Tegeta kwa upande huo. Lakini kutoka Tegeta hata Bagamoyo msafiri angali akitegemea daladala. Mfano uko jirani: treni ya umeme iliyoanza mwaka 2024 huchukua watu kutoka Dar es Salaam hata Morogoro, masafa yaliyo makubwa kuliko ya Bagamoyo, kwa muda upungukao saa mbili, na tikiti ina saa iliyoandikwa.

Pili, kodi ifuate mshahara, ilipwe mwezi kwa mwezi. Mwenye nyumba naye ana hoja yake. Fedha ya miezi sita ndiyo imwezeshayo kuezeka chumba cha pili, naye huogopa mpangaji asiyelipa na kesi isiyokwisha. Walakini hoja hiyo yaonyesha tu kwamba yeye pia hana mkopo wa benki, na kwamba mpangaji, aliye maskini kuliko yeye, amefanywa kuwa benki yake.

Tatu, nyumba ijitegemeayo kwa maji, choo na umeme, hata ikiwa ndogo. Nyumba ya Kiswahili yaweza kugeuzwa ikatimiza haja hiyo bila ya kuvunjwa: chumba kikigawanywa kikapata choo chake, na kila mlango ukapata mita yake, baraza na ua zaweza kubaki. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, na vijana wa leo wamekubaliana nao kuliko wajuavyo, kwa kuwa swali lao la kwanza kwa dalali ni la mambo yaliyomo ndani.

Nne, kazi iwe karibu na nyumba pale iwezekanapo. Tangu mwaka 2020 ofisi nyingi zimejifunza kuwa baadhi ya kazi zaweza kufanywa kwa mtandao. Siku mbili za kazi za nyumbani katika kila juma zingemrudishia mtu wa Dunda siku 16 katika zile 40, bila ya kujenga barabara wala nyumba.

Mwisho yafaa litajwe neno moja ambalo Kiswahili hulitumia kwa watu wawili wasiojuana. Mpangaji ni yule akaaye chumba cha kodi. Mpangaji pia ni yule apangaye mji, aamuaye barabara ipite wapi na nyumba zijengwe wapi. Wa kwanza huamka saa kumi alfajiri kwa sababu ya maamuzi ya wa pili. Vijana wa Dunda hawana neno jipya la kuwatofautisha watu hao, na huenda isiwe hasara, maadam mpangaji wa mji apatapo kulisikia jina lake likiitwa, akageuka kumtazama mwenziwe wa chumba anataka nini.